Draiva inakubali bodi hii na kugomea ile: kutafuta uchafu kwenye tabaka la maunzi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye draiva ya Linux yenye dalili zisizoeleweka. Inafanya kazi kwenye bodi moja na kugoma kwenye nyingine, data inaharibika mara chache, kifaa kinapotea sekunde chache baada ya mashine kuwaka. Mara nyingi maunzi hayana kosa lolote. Tatizo ni kwamba ujuzi fulani umekaa pasipo pake: draiva inajua jambo ambalo ilipaswa kuambiwa, au inaificha kerneli jambo ambalo kerneli ilipaswa kuliona. Kazi ya tabaka dhahania la maunzi, lile ambalo wahandisi huliita HAL, ni kugawa ujuzi huo. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini swali langu ni lile lile: jambo hili nani alipaswa kulijua?

Mifano mingi nimeichukua kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo za bodi moja. Bodi hizo kwa nje zinafanana toleo hadi toleo, lakini ndani zimebadilika sana, kwa hiyo zinafichua draiva chafu haraka kuliko kifaa kingine chochote cha bei yake.

Kabla ya kugusa msimbo, jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_DMA_API_DEBUG, CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP (vikaguzi vya DMA, vya makufuli na vya kulala pasiporuhusiwa), na usakinishe programu ya sparse, inayokagua msimbo wa C, kwenye mashine unayojengea. Kerneli hiyo itakuwa nzito na haifai kwenda kwa mteja. Lakini bila hizo utafutaji wote unakuwa wa kubahatisha, na dalili mbili kati ya zilizo hapa chini zinaweza kumaliza wiki nzima ya mtu anayebahatisha.

Ilifanya kazi kwenye Pi 3, kwenye Pi 4 ni kimya

Draiva inapakiwa bila lalamiko, lakini taa haiwaki. Au kerneli inaanguka pale pale rejista ya kwanza inaposomwa (rejista ni vyumba vya kifaa ambavyo prosesa huvisoma na kuviandika ili kukiendesha).

Tafuta namba ndefu ndani ya msimbo. Kwenye Pi ya kwanza, ya mwaka 2012, prosesa inaziona rejista za vifaa kuanzia 0x20000000. Kwenye Pi 2 na Pi 3 zinaanzia 0x3F000000. Kwenye Pi 4 zinaanzia 0xFE000000. Rejista za GPIO, yaani pini za matumizi ya jumla, kwenye zote hizo ziko hatua 0x200000 kutoka mwanzo, na ndiyo maana mtu huandika 0x3F200000, anaona taa inawaka, anaamini amemaliza. Hati ya chipu nayo inazidisha utata, kwa sababu humo anwani zimeandikwa zikianza na 0x7E: hizo ni anwani za ndani ya chipu, si zile prosesa inazozitumia.

Wengi hutibu hili kwa #ifdef moja kwa kila bodi. Tiba hiyo ilifika mwisho wake kwenye Pi 5, ambako pini za GPIO zilihamishiwa kwenye chipu nyingine kabisa, RP1, inayoongea na prosesa kwa PCIe, na mpangilio wa rejista zake ni mwingine. Hakuna namba ya kuanzia utakayobadilisha ili msimbo wa zamani ufufuke.

Anwani ni habari ya bodi. Mahali pake ni mti wa vifaa, ile faili ya .dts, na draiva inaipata kwa devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0). Baada ya hapo isomwe kwa readl() na iandikwe kwa writel(), kamwe si kwa kufuata kielekezi kana kwamba ni kumbukumbu ya kawaida. Endesha make C=1: sparse itakuonyesha kila mahali ambapo kielekezi chenye alama ya __iomem kimetumiwa kama kielekezi cha kawaida. Kila onyo la aina hiyo ni tundu kwenye tabaka, hata kama leo halivuji.

Kuna sura nyingine ya dalili hii: draiva inaanguka kwenye arm64 (prosesa za ARM za biti 64) ndani ya memcpy(), ilhali kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) haijawahi. Kumbukumbu ya kifaa kwenye arm64 haikubali kusomwa kwa anwani isiyolingana na ukubwa wa kinachosomwa, na memcpy() haijali hilo. Tumia memcpy_toio() na memcpy_fromio().

Kwenye programu za kawaida, zile zilizo nje ya kerneli, ugonjwa huu huonekana kwenye /sys/class/gpio. Hati ya zamani inaandika namba 17 na pini 17 inawaka. Ukipanda hadi kerneli 6.6 inakataa, kwa sababu namba za pini sasa zinaanzia 512 na ile 17 imekuwa 529. Usiongeze 512 kwenye hati yako. Namba hiyo haikuwahi kuwa ahadi. Hamia kwenye /dev/gpiochip kupitia maktaba ya libgpiod, ambako pini huombwa kwa chipu na mstari wake.

Data inaharibika mara moja kati ya mara nyingi

Hii ndiyo inayokosesha watu usingizi. Maelfu ya pakiti yanapita salama, kisha moja inafika ikiwa na baiti za zamani. Kwenye kompyuta ya x86 haitokei kabisa. Ukiweka printk() ili uone kinachoendelea, tatizo linapotea.

Hilo la mwisho lichukulie kama ushahidi. Kosa linaloponywa na printk() ama ni la mfuatano wa matukio ama ni la kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, na kwenye draiva yenye DMA, yaani kifaa kinachosoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa, mimi huanza na kashe. Kwenye x86 maunzi yenyewe yanahakikisha kwamba kashe ya prosesa na kumbukumbu vinakubaliana kifaa kinapoandika. Kwenye chipu nyingi za ARM hakuna mlinzi huyo. Kifaa kinaandika kwenye kumbukumbu, prosesa inasoma kashe yake yenye habari za zamani, na hakuna aliyewapatanisha.

Mpatanishi ni dma_map_single() pamoja na wenzake, na draiva chafu ni ile iliyompita pembeni. Kuna njia kadhaa za kumpita.

Iliyo wazi zaidi ni kumpa kifaa matokeo ya virt_to_phys(). Kwenye x86 isiyo na IOMMU, yaani maunzi yanayotafsiri anwani ambazo vifaa vinazitumia, hili linafanya kazi, na kwa sababu hiyo limedumu kwenye msimbo wa watu miaka mingi. Washa IOMMU na dmesg, orodha ya ujumbe wa kerneli, itajaa makosa yanayoanza na DMAR, kwa kuwa anwani ambayo kifaa kinaitumia si tena anwani halisi ya kumbukumbu. Pi 4 inaonyesha jambo lile lile bila IOMMU yoyote: vifaa vingi vya ndani ya chipu vinaiona RAM ikianzia 0xC0000000, wakati prosesa inaiona ikianzia sifuri, na vinafikia GiB 1 ya kwanza tu. Ukikipa kifaa anwani ya prosesa, kitaandika kwingine. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye mti wa vifaa, katika sifa ya dma-ranges, na dma_map_single() inaisoma kwa niaba yako. Draiva haina sababu ya kuijua namba 0xC0000000, na nikiiona ndani ya draiva najua nimefika.

Njia ya pili ni bafa, eneo la kumbukumbu la kuwekea data, kukaa mahali pabaya. Bafa iliyo kwenye staki ya fanksheni haifai kwa DMA. Zamani ilivumilika, lakini tangu kerneli 4.9, x86 ilipoanza kutumia staki zilizogawiwa kwa vmalloc, draiva nyingi za USB zilizokuwa na tabia hiyo zilivunjika kwa mpigo. Omba bafa kwa kmalloc().

Njia ya tatu ni ya siri zaidi, na ndiyo ambayo watu hawaifikirii. Tuseme una strakti yenye bafa ya baiti 16, na mara baada yake kuna kihesabu. Vyote viwili vinakaa kwenye mstari mmoja wa kashe. DMA inapokuja kwenye bafa, kerneli inafuta mstari mzima, na thamani mpya ya kihesabu inafutwa pamoja nao. Utatafuta siku nyingi nani anaharibu kihesabu ambacho hakuna anayekigusa. Tiba ni kuitenga bafa: iwe mwisho wa strakti, na ipangwe kwa ARCH_DMA_MINALIGN au kwa makro ya mfumo unaotumia. Draiva za vihisi kwenye mfumo wa IIO hutumia __aligned(IIO_DMA_MINALIGN), na utaikuta kwenye draiva nyingi za IIO.

CONFIG_DMA_API_DEBUG inakamata makosa mengi ya aina hizi hata kwenye x86, ambako hayaonyeshi madhara: bafa ya staki, bafa iliyofungwa kwa mwelekeo mmoja na kufunguliwa kwa mwingine, ramani iliyosahaulika. Iendeshe huko kwanza, ambako kujenga na kuwasha upya ni haraka.

Usisahau kukitangaza kifaa chako kinafika wapi. Kama kinaweza kuandika anwani za biti 32 tu, sema hivyo kwa dma_set_mask_and_coherent(dev, DMA_BIT_MASK(32)) ndani ya probe, fanksheni ya draiva ambayo kerneli huiita ili kukiandaa kifaa. Usiposema, kerneli huchukulia biti 32, lakini draiva inayodai biti 64 ambazo kifaa hakina hufanya kazi kwenye mashine ya GiB 2 na kuharibu data kwenye mashine ya GiB 16, na lawama huangukia RAM mpya.

Namba zimegeuka kinyume

0x12345678 inasomwa 0x78563412. Hapa hakuna fumbo: kifaa na prosesa wanapanga baiti tofauti, na draiva imekichukulia kifaa kama strakti ya lugha ya C. Badilisha aina ziwe __le32 au __be32, pitisha kila kitu kwenye le32_to_cpu() na wenzake, kisha iache sparse ikutafutie uliposahau. Usitumie strakti zenye vipande vya biti kuelezea rejista. Mpangilio wake unaamuliwa na kompaila. Tumia FIELD_GET() na FIELD_PREP().

Kifaa kinazimika mara tu mashine inapomaliza kuwaka, au sirio inatoa herufi za ovyo

Dalili mbili, mzizi mmoja: draiva inajiona ni mwenye kloki, ile mapigo yanayokiendesha kifaa.

Ya kwanza inakuwa hivi. Kifaa kinajibu vizuri katika sekunde za mwanzo, ujumbe wa draiva unaonekana kwenye dmesg, halafu kimya, na pengine mashine nzima inaganda rejista inapoguswa. Weka clk_ignore_unused kwenye mstari wa amri za kerneli na uwashe upya. Ikipona, umeshajua. Mwisho wa kuwaka, kerneli huzima kloki zote ambazo hakuna aliyeziomba. Draiva yako iliwasha kloki kwa kuandika yenyewe kwenye rejista za kidhibiti cha kloki, au ilikuta kipakiaji cha mfumo kimeshaiwasha na ikanyamaza. Kwa upande wa kerneli, kloki hiyo haina mtumiaji.

Ile clk_ignore_unused ni kipimo tu. Usiiache kwenye bidhaa. Nimeona ikiachwa, na bodi inayotumia betri ikala umeme bila mtu kujua kwa nini. Tiba ni devm_clk_get_enabled() kwenye draiva na sifa ya clocks kwenye mti wa vifaa. Kisha fungua /sys/kernel/debug/clk/clk_summary uhakikishe kloki yako ina mtumiaji aliyehesabiwa.

Kinyume chake nacho kipo: draiva ikizima kloki kwa mkono wakati wa kulala, inamuua jirani anayeitumia pia. Hesabu ya watumiaji iko kwa kerneli, na draiva haiwezi kuijua.

Dalili ya pili wamiliki wa Pi 3 wanaifahamu. Kwenye bodi hiyo UART (kidhibiti cha sirio) bora, PL011, imepewa Bluetooth, na pini za sirio zimeachiwa UART ndogo, ambayo kasi yake inatokana na kloki kuu ya chipu. Kloki hiyo ikipanda au kushuka kulingana na kazi, kasi ya sirio inabadilika nayo na skrini inajaa herufi zisizosomeka. Ndiyo maana enable_uart=1 kwenye config.txt huifunga kloki hiyo kwenye MHz 250. Kwenye draiva yako, kosa la jamii hiyo ni kusoma clk_get_rate() mara moja tu ndani ya probe, kuihifadhi, na kuiamini milele. Kama kasi ya kloki inaweza kubadilika, ama jiandikishe kwa clk_notifier_register() upate habari, ama omba kasi iwe yako peke yako kwa clk_rate_exclusive_get().

Mara kifaa kipo, mara hakipo

Washa mara kumi, mara mbili hakionekani. Mtu anaongeza msleep(500) na tatizo linapungua. Mwingine anabadilisha module_init kuwa late_initcall. Yote mawili ni draiva kujaribu kukisia mfuatano wa kuwaka kwa bodi ambayo haiijui.

Tangu kerneli 3.4 ya mwaka 2012, draiva inayokosa kloki, umeme au GPIO yake hurudisha -EPROBE_DEFER, na kerneli huijaribu tena baadaye. Mara nyingi utakuta draiva iliipokea thamani hiyo kutoka chini na kuigeuza kuwa -ENODEV, yaani ilikata tamaa kwa niaba ya kerneli. Rudisha kosa lile lile ulilopewa, kupitia dev_err_probe(), ambayo pia inajua kunyamaza wakati kosa ni la kusubiri tu. Kama kifaa bado hakijatokea, soma /sys/kernel/debug/devices_deferred. Humo kimeandikwa anayesubiri na, mara nyingi, anachokisubiri.

"irq 19: nobody cared"

Kerneli huandika hivi na kufunga mstari wa katizo, yaani ishara ambayo kifaa huiita prosesa, baada ya kuona kwamba, kati ya makatizo 100,000, zaidi ya 99,900 hayakuwa na aliyeyapokea. Sababu ya kawaida kwenye PCI: draiva inaandika rejista ili kuzima katizo, inarudi, lakini maandishi hayo bado yako njiani kwa sababu PCI inaruhusu kuandika bila kusubiri. Kifaa bado kinapiga kelele, mpokeaji anaitwa tena, anakuta hakuna kazi.

Soma rejista yoyote ya kifaa hicho hicho baada ya kuandika. Usomaji huyasukuma maandishi yafike. Hapa naona kosa la upande wa pili wa usafi: watu waliosikia kwamba tabaka linapaswa kuficha kila kitu hutarajia writel() ifanye hivyo. Haifanyi, na haipaswi, kwani kusubiri kila andiko kungegharimu mno. Ni draiva pekee inayojua ni andiko lipi lazima liwe limefika kabla ya kuendelea. Ujuzi huo ni wake kihalali.

Umerekebisha kwenye I2C, kosa limebaki kwenye SPI

Kihisi cha shinikizo la hewa cha BMP280 kinaweza kuunganishwa kwa njia mbili za waya: I2C, kwenye anwani 0x76 au 0x77, au SPI. Mtu anaandika draiva ya I2C, kisha anainakili yote na kubadilisha fanksheni za kusoma na kuandika. Baada ya mwaka mmoja nakala hizo mbili zina hesabu tofauti za joto.

Tazama jinsi Linux ilivyoligawa: bmp280-core.c ina hesabu na hali zote za kihisi, bmp280-i2c.c na bmp280-spi.c ni fupi, na bmp280-regmap.c inaeleza rejista zipi zinaandikika na zipi zinabadilika zenyewe. Kwenye SPI, biti ya juu ya anwani ya rejista inasema kama unasoma au unaandika. Jambo hilo liko kwenye faili ya SPI peke yake. Faili kuu inaomba tu rejista 0xD0 na kutarajia 0x58 kwa BMP280 au 0x60 kwa BME280. Haijui jibu limepita waya gani.

Regmap, maktaba ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista bila kujali waya, imo kwenye kerneli tangu toleo 3.1. Kipimo changu cha mgawanyo huu ni rahisi: grep neno i2c au spi kwenye faili kuu. Likitokea, kuna kitu kimevuja. Dalili ya uvujaji wa chini zaidi ni thamani isiyobadilika hata hewa ikibadilika: umewasha kashe ya regmap bila kutangaza rejista za data kuwa ni za kubadilika, kwa hiyo unasoma kumbukumbu yako mwenyewe.

Kila chipu mpya inahitaji bendera mpya, na kurekebisha moja kunavunja nyingine

Tabaka la kati lilianza vizuri: fanksheni moja kubwa inayoendesha kila kidhibiti, na draiva ndogo chini yake. Chipu ya kwanza iliyotofautiana ikapata bendera. Ya pili ikapata yake. Sasa fanksheni ina matawi ambayo hakuna anayejua yote yanatumiwa na nani.

Linux ina mfano wake hadharani. Draiva ya kadi za SD, sdhci, ilikuwa na neno moja la biti 32 kwa ajili ya bendera za hitilafu. Lilipojaa, likaongezwa la pili, quirks2. Njia ya kutoka ilikuwa kuligeuza tabaka hilo liwe maktaba. Badala ya msingi kuamua na draiva kuomba ruhusa kwa bendera, draiva inajaza sdhci_ops na kuchagua: isiyo na tatizo inaandika .set_clock = sdhci_set_clock, yenye tatizo inaandika fanksheni yake, na ikitaka inaita ile ya kawaida ndani yake. Hitilafu ya chipu inakaa kwenye faili ya chipu hiyo.

Kwa hiyo ukikuta matawi ya aina hii, chukua bendera moja, ile inayotumiwa na chipu moja tu, igeuze iwe fanksheni ya chipu hiyo, na uifute. Moja kwa kiraka kimoja. Nakushauri sana usijaribu kuandika upya tabaka zima. Chipu ambazo huna mezani zitavunjika na hutajua.

Kuuliza of_machine_is_compatible() ndani ya draiva ni ugonjwa huo huo ukiwa mchanga. Tofauti za chipu zikae kwenye jedwali la of_device_id kupitia .data, tofauti za bodi zikae kwenye mti wa vifaa kama sifa.

Zana za kerneli zinadanganya au hazisemi kitu

Hapa draiva haikulipita tabaka la kerneli pembeni. Imejenga lake juu yake: os_lock(), os_alloc(), os_sleep(), ili msimbo ule ule ujengwe kwa Windows na Linux. Nia inaeleweka. Madhara yake yanakuja kwa sura zisizofanana na chanzo.

Lockdep, kikaguzi cha makufuli kinachowashwa na CONFIG_PROVE_LOCKING, inalia "possible recursive locking detected" mahali ambapo makufuli mawili ni tofauti kabisa. Sababu ni kwamba mutex_init() ni makro, na kila mahali inapoandikwa huzaa aina moja ya kufuli. Ukiifunga ndani ya os_lock_init(), imeandikwa mahali pamoja tu, kwa hiyo makufuli yote ya draiva yako yanakuwa aina moja. Lockdep haiwezi tena kutofautisha kufuli la foleni na kufuli la kifaa. Watu huishia kuizima, na siku mkwamo wa kweli unapokuja hakuna wa kuuona.

Kumbukumbu ni vile vile. Tangu kerneli 6.10 kuna /proc/allocinfo, inayoonyesha kila mstari wa msimbo umeshika kumbukumbu kiasi gani. Ikiwa kila ombi linapitia os_alloc(), utaona mstari mmoja umeshika kila kitu. Na kama os_alloc() haina nafasi ya bendera za GFP, zinazosema kama ombi linaruhusiwa kusubiri, inatumia GFP_KERNEL hata ndani ya mpokeaji wa katizo, na utapata "sleeping function called from invalid context".

Kesi kubwa ya hadharani ni ya AMD. Mwaka 2016 walileta kwenye jumuiya ya Linux msimbo mpya wa skrini kwa draiva ya amdgpu, zaidi ya mistari 90,000, wenye tabaka lake la kutenganisha mfumo endeshi. Desemba ya mwaka huo Dave Airlie, mtunzaji wa mfumo wa DRM (sehemu ya kerneli inayosimamia michoro na skrini), alikataa kuuingiza. Hoja ya watunzaji wa Linux dhidi ya tabaka za aina hii ni ya miaka mingi: mtunzaji anapobadilisha msingi wa DRM anahitaji kuirekebisha kila draiva, na tabaka linaloficha msingi linamzuia kuona anachokibadilisha. AMD waliendelea kuusafisha, wakaondoa vifuniko na kutumia strakti za DRM moja kwa moja, na msimbo ukaingia kwenye kerneli 4.15 iliyotoka Januari 2018. Sehemu inayoelezea maunzi yenyewe, yaani mfuatano wa rejista na hesabu za kipimo data, bado ina mpaka wake ndani ya draiva. Naona hilo ni sahihi: maunzi ni ujuzi wao. Kufuli na kumbukumbu si wao.

Kama una draiva ya namna hii, ondoa kwanza vifuniko vya makufuli, kabla ya uchafu mwingine wowote kwenye orodha hii. Coccinelle, zana ya kubadilisha msimbo wa C kwa kanuni, inaweza kubadilisha os_lock(x) kuwa mutex_lock(x) kwenye faili zote kwa kanuni ya mistari michache, na kiraka kinabaki cha kimashine na rahisi kukagua. Kisha kumbukumbu, huku ukiangalia bendera ya GFP kwa kila ombi. Hapo lockdep na wenzake wataanza kusema kweli, na makosa ya DMA na ya kloki yatajionyesha yenyewe.

Hatua ya mwisho ninayoifanya kwa kila draiva ni kwenye Kconfig, faili ya machaguo ya kujenga kerneli: badala ya depends on ARCH_BCM2835 naandika depends on ARCH_BCM2835 || COMPILE_TEST, halafu naijenga kwa x86, kwa arm64 na kwa usanifu mmoja wenye mpangilio wa baiti uliogeuka, kama s390. Haitaendeshwa huko kamwe. Lakini kila faili inayokataa kujengwa, kwa sababu ya kichwa kilichotoka asm/ au fanksheni iliyopo kwenye chipu moja tu, inataja kwa jina lake mstari ambao draiva inajua kitu kisicho chake.